Kilio Kinachomngoja Mjomba

Bel-Air, Lubumbashi
katikati ya mvua

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama, nikiomba barua hii iwakute mmekaa mahali pakavu. Miaka yote nilianza kwa kuuliza afya. Safari hii naanza kwa kuuliza maji. Ziwa limerudi nyuma, au bado limeshika kizingiti cha karakana yako? Injini za mitumbwi ulizokuwa ukizitengeneza zimeokolewa? Mama amepata pa kuanikia samaki? Kifua chako kinasemaje na unyevu huo? Mimi ni mzima wa mwili. Shangazi ni mzima kwa kadiri mama aliyefiwa anavyoweza kuitwa mzima: anapumua, anaitika akiitwa, na chakula anakula tukimshikia sahani.

Naandika nikiwa na haraka, kwa sababu njia imeanza kupitika na lori la Papa Kambale linaondoka kesho kwenda kuchukua samaki huko kwenu, na mnara wa simu wa Kilwa yenu ya ziwani haujatoa sauti tangu mvua zianze. Papa Kambale ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu Kaskazini, auzaye unga na chumvi, na watoto wake wanasoma katika shule ile ile ya msingi aliyosoma Mwape wetu. Dereva wake ameagizwa akupe barua hii mkononi mwako, si kwa jirani. Nataka ikufikie kabla ya gari jingine. Gari hilo nitalifikia. Kwanza nikupe habari kwa mpangilio, maana ulizopata ni vipande.

Unajua kwamba Mwape, mtoto wa pekee wa dada yako, alichukuliwa na maji. Hujui namna alivyochukuliwa. Mwaka huu mvua ilikawia hadi mboga za lengalenga za Shangazi zikakauka kabla hazijafika kimo cha kiganja, na joto likawa linawaangusha watoto madarasani. Kisha, alasiri moja, mvua yote tuliyoiomba ikaja kwa pamoja. Vilima vya nyuma ya mtaa havina tena mti wa kuizuia. Miti ile tumeipika, Baba, nyumba kwa nyumba, kwa kuwa umeme hauji na makala, makaa ya kupikia, ndiyo yanayobaki. Maji yalishuka mekundu kama tofali bichi. Mwape alikuwa anatoka shuleni na wenzake. Walipofika kwenye mfereji wanaouruka kila siku, aliinama avue viatu, maana mama yake alikuwa amemwonya asivilowanishe, vilikuwa vipya. Wenzake walikwisha kuruka. Tulipompata chini ya daraja, kiatu kimoja alikuwa bado amekishika.

Mchungaji alisema kaburini kwamba Mungu ametwaa. Sikumjibu, kwa heshima ya Shangazi, lakini kwako nitasema. Mvua ni ya Mungu, nakubali. Je, ni Mungu aliyevivua nguo vilima vile? Ni Mungu aliyepitisha nyaya nene juu ya mapaa yetu, zikivuma mchana kutwa, zikipeleka umeme migodini, huku chini yake akina mama wanapuliza makala? Ni Mungu aliyetuahidi mfereji wa saruji katika kila kampeni na kuusahau kura zikishahesabiwa? Ziwa lililoingia katika karakana yako na maji yaliyomchukua Mwape yana shauri moja. Hewa ya dunia imeharibiwa na watu walioshiba mbali na hapa, na wale waliokabidhiwa kutulinda hapa wameuza hata kivuli kidogo tulichokuwa nacho.

Tulimzika bila wewe, kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika baada ya Kasomeno na hata pikipiki zilikuwa zinarudi. Ujumbe wako ulitufikia kwa mdomo wa dereva aliyepaziwa sauti kutoka ng'ambo ya palipokatika: “Zikeni mtoto, lakini kilio kiningoje.” Shangazi aliyashika maneno hayo kama mtu aliyetupiwa kamba. Papa Kambale hakuyaelewa. Aliketi nasi mkekani uani, akatazama mbabula, jiko la makala lenye moto wa kilio, akaniuliza kwa sauti ya chini:

“Kijana, mutoto amezikwa. Hii moto bado ya nini?”

“Kwetu, Papa, anayefunga kilio cha mtoto ni mjomba wake, ndugu wa mama yake. Yeye ndiye anayefagia majivu. Asipofika, hakuna anayeyagusa.”

“Hata bantu ya upande wa baba?”

“Hata wao.”

Alifikiri, akatikisa kichwa. “Kwetu ingekuwa kelele. Baba angefunga ya kwake, mujomba ya kwake, na batante, bashangazi, bangefungua yote tena.”

Shangazi alicheka kidogo, kisha akajifunika uso kwa kitenge, kana kwamba ameiba kitu.

Hapo ndipo Mama Godelive alipoinua kichwa. Huyu ni rais wa kamati ya wazazi wa shule, muuza vitenge, mwanamke ambaye sauti yake inatoka upande huu wa soko na kusikika upande wa pili. Kamati yake ilikuwa imepeleka ombi kwenye bunge la mkoa kabla hata Mwape hajafa. Waliomba umeme ufike majumbani kwanza, ili makala yapungue. Waliomba vilima vipandwe miti na kulindwa, na mifereji ijengwe kabla ya mvua nyingine. Juu ya yote waliomba wabunge wakae hadharani, mbele ya wazazi, waijadili hali hii ya hewa iliyogeuka, kwa uzito ule ule wanaoutumia kujadili kodi za migodi. Maneno niliyaandika mimi. Madai yalikuwa yao. Jibu likawa: mrudi wiki ijayo. Walipoandamana, walirushiwa moshi wa machozi, wajawazito pamoja na wazee.

“Tulifanya marche, balitupiga,” Mama Godelive akasema. “Lakini kilio, ni polisi gani atapiga kilio? Mama yake mwenyewe atamulaani. Na hii yetu haina mwisho mpaka njia ya Kilwa ifunguke. Tuibebe.”

“Tubebe kilio?” mzazi mmoja akauliza. “Namna gani?”

“Moto iko mu mbabula. Mbabula iko na mikono. Shika huku, miye nashika huku.”

Wote wakamgeukia Shangazi. “Kama ni juu ya Mwape peke yake,” akasema, “mutuache hapa. Kama ni juu ya batoto bote, mubebe.”

Basi, Baba, kilio chako kilivuka mji. Ungeuona mji huu usingeutambua. Maduka yamefunga milango ya chuma, foleni za maji zinazunguka mitaa, wahadhiri wetu wamegoma na sisi tumerudishwa majumbani, vijana wanachoma matairi na wanajeshi wanasimama njia panda bila kujua wanamlinda nani dhidi ya nani. Lakini tulipopita na mbabula yetu na matawi mikononi, vijana walivuta matairi pembeni na wanajeshi walivua kofia. Kila kitu kimevunjika hapa isipokuwa heshima ya msiba, na sisi tulitembea juu ya hicho kipande kimoja kilichobaki.

Tulitandika mikeka mbele ya lango la bunge. Tukalaza matawi barabarani, kama ifanywavyo penye msiba ili magari yapunguze mwendo, na mbabula tukaiweka katikati. Wazazi wengine wakaanza kufika, kutoka mitaa ambayo sijawahi kukanyaga, kila mmoja na jina la mtoto wake: huyu maji, huyu joto, huyu homa iliyoletwa na visima vilivyochafuka. Hawakualikwa. Waliona matawi wakaketi. Kila adhuhuri nilisimama nikasoma madai, na baada yangu wakasomwa watoto, na sauti ya wanawake ikapanda hadi wafanyakazi wa bunge wakafunga madirisha katika joto lile.

Askari mmoja kijana alijaribu kutuchokoza. “Mama, munalilia miti na munachoma makala?”

“Utupatie courant, umeme mu nyumba, tutazima leo,” Mama Godelive akamjibu bila kugeuka. “Ao kwako muke yako anapikia na nini, na hiyo kofia?”

Wenzake walicheka hadi na yeye akageuza uso asionekane anacheka.

Na ilifanya kazi, Baba. Nataka ulijue hili kabla ya mengine. Wabunge walishuka kwenye magari yao, kwa kuwa hakuna dereva wa Lubumbashi atakayekanyaga matawi ya kilio, wakapita kwa miguu katikati yetu. Baadhi waliketi. Mmoja aliuliza jina la Mwape na umri wake, akaondoka akitazama chini. Mwishoni karani alitoka akatutangazia kwamba ombi la wazazi limewekwa kwenye ajenda na litasomwa mbele ya kikao. Nilidhani nimeona serikali ikiinama. Nilikuwa nimeona ikipiga hesabu.

Kwa maana baada ya hapo akaja mheshimiwa mmoja ambaye jina lake sitaliandika, kwa kuwa barua hufunguliwa njiani. Hakuja na askari. Alivua viatu, akaketi chini kama sisi, akalia, na siwezi kuapa kwamba machozi yake yalikuwa ya uongo. Nyuma yake lilisimama lori: magunia ya unga, samaki wakavu, kreti za soda, turubai la kutukinga mvua. Ningefanya nini? Mama Godelive angefanya nini? Tulikuwa tumefikiria kila njia ambayo nguvu ingeweza kututoa pale, na tukasahau kwamba kilio hakina mlango. Anayefika na kukaa chini ni mfiwa mwenzio. Alicholeta lazima kipikwe, kilichopikwa lazima kiliwe, na watu wetu walikuwa na njaa. Akaja siku hiyo, akaja na zilizofuata, hadi akina mama wakawa wanamwekea mkeka kabla hajafika.

Siku ya mwisho watu wakiwa bado wananawa mikono, alisimama. Alisema kwa upole kabisa:

“Bamama, bababa, tumelia ya kutosha. Leo miye, kama baba yenu, ninafunga kilio.” Na kijana wake akatokea na ufagio mpya.

Shangazi hakuinuka. Alinyoosha tu mkono akauweka juu ya ukingo wa mbabula, karibu na moto kiasi kwamba nilitaka kumvuta.

“Mheshimiwa,” akasema, “weye ni mujomba ya Mwape?”

“Mama, miye ni baba ya batoto bote ya mukoa.”

“Baba yake udongo ilimufunika mu shimo ya mugodi. Sikuulize baba. Nauliza mujomba.”

Mwenye ufagio alimtazama bwana wake, akayatazama majivu, akawatazama wazee walioketi ukutani, kisha akaulaza ufagio chini taratibu. Hata mheshimiwa hakumlaumu. Yeye pia ana mjomba.

“Na huyo mujomba iko wapi?” akauliza.

“Kilwa. Anangojea njia.”

Akatabasamu. “Njia ikikatika, gari ya mukoa inapita. Tutamuleta.”

Ndiyo hivyo, Baba. Hilo ndilo gari. Wana magari marefu yanayovuka matope yanayowashinda wenye malori, na tayari watu wao wamefika hapa mtaani kuuliza jina lako, ukoo wako, na karakana yako iko upande gani wa soko la samaki. Walituuliza kwa adabu. Mtoto mmoja akawajibu yote.

Nikueleze pia hasara tuliyokwisha kuipata, usije ukadhani nakuficha. Chakula kile kilifanya kazi yake. Waliokula waliona kwamba wameagwa, kama watu waliolishwa siku ya kufunga kilio. Walikunja mikeka, wengine kwa aibu, wengine kwa nafuu, na polisi wakayaondoa matawi nyuma yao. Kesho yake ombi letu likaondolewa kwenye ajenda. Karani alituambia kwamba si vizuri bunge kujadili msiba ambao familia yenyewe inakaribia kuufunga. Umeuona ujanja huo? Wamelifanya jambo la mkoa mzima liwe jambo la nyumba moja, kisha wanangoja mwenye nyumba alimalize. Mama Godelive alichukuliwa sokoni mchana kweupe, mbele ya vitenge vyake, na hatujaambiwa alikopelekwa. Wanawe wako kwa Papa Kambale. Wanafunzi wenzangu wawili hawaonekani. Mimi sijaguswa bado, nasema bado.

Tulibeba mbabula tukarudi nayo Bel-Air, wazazi wachache tuliobaki, na moto haukuzimika njiani. Unawaka uani sasa hivi nikiandika.

Katika barua yako ya mwisho uliniambia kwamba ulinituma nisome sheria, si kupiga kelele barabarani. Nimeisoma, Baba. Nimesoma kwamba raia ana haki ya mazingira yasiyomuua, na kwamba mwenye mamlaka akipewa ombi lazima alijibu. Maneno hayo yameandikwa vizuri, yamepigwa mhuri. Lakini sikuona hata siku moja sheria hiyo ikitoka kwenye kitabu chake na kumshika mtoto mkono avuke mfereji. Wazazi hawa wasiojua kifungu chochote waliifikisha mbele ya lango. Unaniambia ninyamaze nimalize masomo. Nimalize nije kumtetea nani, kama watoto wanakwisha kabla yangu?

Sitakudanganya kuhusu uzito wa ninalokuomba. Dada yako analala chini. Hajanyoa, hajabadilisha kitenge, anakohoa, na mabibi wa jirani wanasema kwamba kilio kilichoachwa wazi kinamfanya mtoto asimame mlangoni, asiingie wala asiondoke. Watakaokuja na gari watakuambia hayo hayo, na hawatakuwa wanasema uongo. Watamletea Mama kitambaa. Pengine watakuletea na injini mpya, kwa kuwa wameuliza pia ni zipi zilizozama. Watakuambia: njoo, mzee, mpumzishe dada yako. Na mkono wako mmoja wenye ufagio utafanya kile ambacho moshi wa machozi haukuweza.

Sikuombi uwe mwanasiasa. Nakuomba uwe mjomba. Usipande gari hilo. Panda lori la Papa Kambale, juu ya magunia ya samaki, na waite wale ambao ziwa limewatoa majumbani, wazazi kama ninyi, kila mmoja na jina lake la kutaja. Papa Kambale amesema hatamkatalia yeyote, isipokuwa aimbe vibaya. Mkifika, keti mkekani. Watakapokuletea ufagio, upokee kwa heshima, uuweke chini yako, uukalie. Wakikuuliza kilio kitafungwa lini, waambie: siku ombi la wazazi litakaposomwa na kujibiwa mbele ya wazazi, na Mama Godelive akiwepo kusikia. Hakuna polisi, hakuna mbunge, hakuna hakimu katika mkoa huu anayeweza kukunyang'anya haki hiyo. Katika mali yote waliyotuchukua, hii wameisahau mikononi mwako.

Na kama, ukishamwona dada yako, utaamua kwamba moto huu lazima uzimwe, utauzima, nami nitakuletea maji mwenyewe na sitainua sauti. Ila uamue kwa macho yako, ukiwa umeketi karibu naye, usiwe na matope ya gari lao kwenye viatu vyako.

Nisalimie Mama, na umwambie asitoke peke yake kwenda ufukweni wakati maji yamepanda. Msalimie mdogo wangu Kalaba; mfereji wowote, mdogo au mkubwa, asiuruke, na viatu viloe tu. Msalimie mama mkubwa Ngosa anayekuuzia mafuta ya injini, na babu mzaa Mama, ambaye najua hatapenda barua hii. Mwambie nimeisikia hasira yake kabla hajaisema. Msalimie katekista wetu, amkumbuke Mama Godelive kwa jina kanisani, kwa sauti.

Nilikuwa nakunja karatasi Shangazi aliponiita kutoka mkekani. Nilimsomea sehemu ile ya mtoto anayesimama mlangoni, kwa kuwa sikutaka kumsemea bila yeye kujua. Alisogeza makala mawili kwa kijiti. Kisha akasema niandike haya kama yalivyo, nisiyanyooshe kwa Kiswahili cha shule:

“Ambia yaya yangu, kaka yangu mukubwa, asiogope juu ya mutoto. Mwape hakupendaka kulala mapema. Kila siku nilikuwa namusukuma na nguvu aende mu kitanda. Atangojea.”

Nami nangoja pamoja naye.

Mwanao mtiifu, hata katika hili,
Mulenga